UZI: Kazi za mikono za Pasaka ya Kiyahudi kwa mtoto asiyependa kushikashika vitu (bila ngano!)

BintiTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Kuna dada ameniandikia faragha. Ameolewa kwa Wayahudi huko Manchester, mtoto wake ana usonji, na kila akitafuta kazi za mikono za Pasaka anakutana na gundi, pambo za kumetameta na manyoya ya kuku. Mtoto akiona gundi tu analia. Nimemwomba ruhusa nijibu hapa ukumbini kwa sababu najua si yeye peke yake. Anayetaka siasa za Mashariki ya Kati, jukwaa lake lipo, naomba asizilete humu.

Mimi ni wa Tanga, naishi London. Mama mkwe alizaliwa Baghdad, akaondoka akiwa mtoto mwaka 1951, wakati Wayahudi wa Iraki walipokuwa wanahamishwa kwa ndege kwenda Israeli, zaidi ya watu laki moja. Pasaka ya nyumbani kwetu basi ni ya Kibaghdadi: wali upo mezani, haroseti (kile kitoweo kitamu cha usiku wa sikukuu) ni asali ya tende na jozi zilizotwangwa, si matufaha kama ya Wayahudi wa Ulaya. Mwanangu ana miaka saba. Kitu cha kunata hataki kiguse kiganja. Kelele ya ghafla anaziba masikio. Ila kitu kizito, cha kubana, au cha kuchambua punje moja moja, hapo utamsahau.

Kwanza unga, maana hapa ndipo wageni wa mila hii wanapojikwaa.

Siku za Pasaka (nane huku ughaibuni, saba Israeli) nyumba haitakiwi kuwa na hametsi, yaani chochote cha ngano, shayiri, rai, oti au spelti kilicholowa na kupata nafasi ya kuchachuka. Na katazo haliishii kwenye kula. Hutakiwi kuwa nacho wala kunufaika nacho kwa namna yoyote. Sasa angalia vifaa vya michezo ya hisi: udongo wa kuchezea wa Play-Doh una ngano. Ule wa kujikandia nyumbani wa unga na chumvi, ngano. Makaroni ya kutunga mikufu, ngano. Beseni la oti la kuchimbachimba kwa kijiko, limekwenda. Gundi ya uji wa ngano tuliyobandikia tiara utotoni, nayo imekwenda. Vyote vinafungiwa kabatini pamoja na hametsi nyingine inayouzwa kwa asiye Myahudi mpaka sikukuu ipite. Kwa hiyo mtoto ambaye udongo wake ndio unaomtuliza kila jioni anaupoteza wiki ileile ambayo nyumba imejaa wageni na ratiba imevurugika. Mbadala uanze kuzoeleka mapema, wiki mbili tatu kabla, usimtolee kitu kipya usiku wa sikukuu.

Mbadala ninaotumia: wanga wa muhogo, vikombe viwili, na kikombe kimoja cha losheni ya kulainisha nywele (kondishona) isiyo na harufu. Kanda. Unapata udongo laini, baridi kidogo, hauachi kitu mkononi. Muhogo haumo kwenye zile nafaka tano. Wanga wa mahindi nao unafaa kuchezea: Wayahudi wa asili ya Ulaya hawali mahindi, mchele wala maharage Pasaka, lakini kuwa navyo nyumbani hawakatazwi. Kama mtoto wako anatia kila kitu mdomoni, achana na losheni, tumia maji kidogo na mafuta ya kula.

Naendelea chini na kazi zenyewe, msikatishe.

---

Mzee_wa_Kaliua

Nipo siti ya mbele. Ila dada, sisi tulikua tunafinyanga udongo wa kichuguu, hakuna aliyesema mtoto ana hisi kali. Haya mambo ya ughaibuni haya.

---

BintiTanga

Mzee wangu shikamoo. Na wale waliokataa kufinyanga tuliwaita wajeuri wakachapwa. Nakumbuka mmoja darasani kwetu.

Tuendelee. Kazi ya kwanza hata si ya mapambo: KUCHAMBUA MCHELE. Wabaghdadi na Wayahudi wengi wa Mashariki wanakula wali Pasaka, lakini sharti mchele uchambuliwe kabla, mara tatu, punje kwa punje, isije ikawemo ngano au shayiri. Mama mkwe anatandika kitambaa cheupe mezani, anamwaga konzi, anasogeza punje kwa kidole kutoka upande huu kwenda ule. Mimi nilipoona mara ya kwanza nikacheka, nikamwambia hii kazi nimeifanya Tanga nikiwa na ungo mapajani, tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunatafuta mawe.

Kwa mwanangu hii ndiyo sikukuu yote. Mchele mkavu, haunati, haunuki, una mlio mdogo unaojulikana. Kazi ina mwanzo na ina mwisho: rundo la kulia limekwisha, basi. Na ni kazi ya kweli, familia nzima itakula alichochambua, si karatasi ya kubandika kwenye friji. Mama mkwe anapitia mara ya tatu mwenyewe, lakini hilo mtoto halimsumbui.

Kwa wadogo zaidi, tia shanga chache kubwa kwenye mchele wa kuchezea, sinia tofauti, wazitafute kwa vidole au kwa kijiko. Shanga ziwe kubwa kuliko koo la mtoto.

---

MamaTatu

Dada hapo kwenye mchele umenigusa, wa kwangu anaweza kushinda kwenye gunia la mchele la bibi yake. Swali: kwani Wayahudi wapo huku kwetu au ni huko Ulaya tu?

---

Jirani_wa_Mbale

@MamaTatu wapo. Huku Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, Waganda waliofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919 chini ya Semei Kakungulu. Sinagogi yao kubwa iko kilima cha Nabugoye. Mimi si mmoja wao, ni jirani tu, nimesoma na watoto wao. Nairobi nako kuna jumuiya tangu 1904.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: sherehe yenyewe inakuwaje? Ni ya kanisani au ya nyumbani?

---

BintiTanga

Ya nyumbani, na hapo ndipo ugumu ulipo. Usiku wa kwanza (ughaibuni na wa pili pia) kuna sederi: mlo wenye hatua 15 zilizopangwa, unaanza giza likiingia, na kati ya mwanzo na chakula kuna kusoma, kuimba, maswali na kusimulia Kutoka Misri. Mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza maswali manne ya kwa nini usiku huu ni tofauti. Sasa fikiria mtoto mwenye usonji, njaa, saa tatu za usiku, wajomba wanaimba kwa sauti ya juu, na macho yote yanamgeukia yeye.

Kwa hiyo kazi zote za mikono ninazozitaja lengo ni moja, zimsaidie kukaa ndani ya usiku ule. Kitu kizuri cha kupiga picha sikihitaji.

Kadi 15. Hizi zimenisaidia kuliko kitu chochote. Hatua ziko 15 na hazibadiliki, basi ni ratiba ya picha iliyokwisha kuandaliwa na mababu. Tunakata kadi ngumu, mtoto anachora au tunabandika picha: kikombe, mikono inayonawa, jani kwenye maji ya chumvi, matza (mkate bapa usiochachuka) iliyovunjwa vipande viwili, mdomo unaosimulia, mboga chungu, sahani ya chakula, na kadhalika. Tunazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Hatua ikipita anabana kibanio, anatoa kadi, anaitia kwenye kikapu. Anaona kwa macho yake chakula bado kadi ngapi. Usitumie vile vibandiko vinavyochanika kwa mlio (velkro), watoto wengi wa namna hii hawauwezi mlio huo. Kibanio cha mbao kina ukimya na kina kazi kwa vidole.

Watu wazima nao wanakitazama kile kikapu, nimewaona.

Bahari ya Shamu kwenye mfuko. Hii ni kwa mtoto asiyetaka kuloa. Chukua mfuko mzito wa plastiki wenye mdomo wa kubana, ule wa kugandishia nyama. Tia jeli ya nywele isiyo na rangi, karibu nusu kikombe, na matone machache ya rangi ya buluu. Toa hewa yote, bana, funika mdomo kwa gundi ya utepe mpana, kisha ingiza ndani ya mfuko wa pili na ufunge vilevile. Laza juu ya karatasi ya rangi ya mchanga, bandika pembe nne kwenye meza. Mtoto anaweka viganja viwili katikati na kusukuma kushoto na kulia: jeli inafunguka, mchanga unaonekana, nchi kavu. Akiachia, bahari inarudi taratibu yenyewe. Hakuna kilichomgusa ila plastiki. Wa kwangu anapenda uwe umetoka kwenye friji, baridi. Mwingine atataka wa uvuguvugu, utumbukize mfuko kwenye beseni la maji moto kwanza.

Kuhusu siku: kama familia inashika sheria, siku za kwanza na za mwisho za sikukuu hakuna kukata, kubandika, kuchora wala kushona. Vyote viwe tayari kabla ya jua kuzama. Siku za katikati masharti yanalegea, ulizeni kwa rabi wenu.

---

TibaKazi_Moshi

Nimefanya kazi na watoto hawa miaka kadhaa, naomba niongeze kitaalamu kidogo.

Alichosema kuhusu viganja viwili kusukuma jeli kina sababu. Mguso mwepesi, kama manyoya, pamba au pambo za kumetameta, huwa unawakera watoto wengi wenye hisi kali. Mgandamizo wenye nguvu mara nyingi unawatuliza: kusukuma, kubeba, kukanda, kutwanga. Kwa hiyo @BintiTanga, hiyo haroseti yenu ya jozi, mpeni mtoto kinu na mchi atwange yeye. Kama mlio wa kinu unamsumbua, tandikeni taulo chini ya kinu au avae hedifoni za kuzuia kelele. Ulizeni kwanza kama kuna mzio wa jozi kwenye familia.

Na jambo la msingi: usimshike mkono ukauingiza kwenye kitu. Mpe kijiko, brashi, glavu, au akuangalie wewe tu. Kuangalia nako ni kushiriki. Mtoto akijua kwamba akisema hapana itaheshimiwa, safari ijayo anasogea mwenyewe.

---

Mzee_wa_Kaliua

Marahaba binti. Haya, nimekuelewa. Mjukuu wangu wa Dodoma anavua viatu kila mahali na shati lenye lebo halivai. Itakuwa ni hayohayo?

---

TibaKazi_Moshi

Mzee, kwa mtandao siwezi kusema. Lebo kateni leo hii, haina gharama. Kama kuna mengine yanayowatia wasiwasi, kuongea, kulala, kula, apelekwe akaangaliwe.

---

BintiTanga

Kinu wazo zuri sana, nilikuwa natumia mashine na ile kelele anakimbilia chumbani. Nimeandika.

Sasa kazi ninayoipenda mimi mwenyewe, mfuko wa matza wa begani.

Mwanzoni mwa sederi, matza ya katikati inavunjwa, na nusu kubwa inafichwa iliwe mwisho, inaitwa afikomani. Kwa Wayahudi wa Ulaya, watoto wanaitafuta na kudai zawadi. Kwa Wabaghdadi kuna mchezo mwingine: ile nusu inafungwa kwenye kitambaa, mtoto anafungiwa begani, anatoka nje ya mlango, anabisha. Watu wa ndani wanauliza: Umetoka wapi? Misri. Unakwenda wapi? Yerusalemu. Umebeba nini? Matza. Kisha anaingia. Msingi wake uko kwenye Kutoka 12, pale watu wanapoondoka na unga ambao haujachachuka, vyombo vya kukandia vimefungwa ndani ya nguo zao mabegani.

Mtoto wangu hawezi kukaa kusikiliza hagada (kitabu kinachosomwa kwenye sederi) ukurasa kwa ukurasa. Lakini kutoka nje kupata hewa, kubeba kitu kizito, kubisha, na kujibu maswali matatu yaleyale kila mwaka? Hiyo anaiweza, na anaingoja. Majibu tunayo pia kwenye kadi, siku ambayo maneno hayatoki anaonyesha tu picha.

Mfuko wetu ni wa khanga. Kipande cha sentimita 30 kwa 60, kikunjwe katikati, kishonwe pande mbili. Matza ya dukani ya mraba ina kama sentimita 18 kila upande, inaingia bila kubanwa. Mkanda uwe mpana, sentimita 4 au zaidi, ulale begani usikate. Mimi pia naweka pakiti ya chumvi chini ili mfuko uwe na uzito. Mapambo ni ya chapa: kata kiazi nusu, chonga umbo, kisha kichome kwa uma upande wa nyuma. Mtoto anashika uma, rangi haimgusi kabisa.

Khanga aliyoichagua mwanangu kwenye sanduku langu ina jina HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Nikamtafsiria mama mkwe. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, maana matza yenyewe ni mkate wa haraka, kuanzia maji yanapogusa unga mpaka kuiva sheria inatoa dakika 18 tu. Sasa kila mgeni akija lazima asomewe.

---

FundiLeso_Mombasa

Dada hongera. Mimi ni mshonaji, naongezea mawili. Leso mpya ifue kwanza, hata mara mbili, ile wanga ya kiwandani huifanya ngumu na hukwaruza. Pili, kwa mtoto wa namna hii usiache nyuzi ndani. Shona mshono wa kufunika: kwanza shona upande wa nje, punguza, geuza, shona tena ndani, nyuzi zote zafungiwa humo. Akitia mkono hapati kitu cha kumtekenya. Na overloki usitumie, uzi wake wakwaruza.

Leso ya pamba tupu, usinunue ile ya mchanganyiko inayong'aa.

---

BintiTanga

Shukrani fundi. Umenikumbusha, mama mkwe aliuliza hiyo wanga ya khanga mpya ni ya nini, isije ikawa ya ngano! Nikafua kwa maji moto tukaimaliza hoja.

---

MamaTatu

Na uzito kiasi gani? Naogopa mgongo.

---

TibaKazi_Moshi

Mdogo. Asiegemee upande mmoja akitembea, na akitaka kuuvua auvue mwenyewe. Dakika chache zinatosha. Kwa mwenye tatizo la misuli au kifafa, aulizwe mtaalamu anayemhudumia kwanza.

---

Mgeni_Manchester

Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza. Nimesoma yote nikiwa jikoni. Sisi familia ya mume wangu ni ya asili ya Poland, wali hawali kabisa. Je, kuchambua mchele kutaleta ugomvi? Na ile desturi ya kuusaka mkate uliobaki nyumbani, usiku kwa mshumaa, mtoto anaogopa moto.

---

BintiTanga

Karibu mdogo wangu.

Mchele kwenu: mweleze mama mkwe wako kwamba ni wa kuchezea, hauingii chunguni wala hauwekwi meza ya chakula. Kisheria kuwa nao si kosa, lakini nyumba ni ya wenyewe, uliza kabla hujamwaga. Akikataa, tumia chumvi ya mawe. Nayo inachambulika, inachorwa kwa kidole au kwa kijiti kwenye sinia, na ina uhusiano na maji ya chumvi ya mezani. Angalia tu mikono isiwe na mchubuko.

Msako wa hametsi: tumia tochi. Rabi wengi wanaikubali, na zima taa za chumba ili aione kazi ya ile tochi. Desturi ni kuficha vipande kumi vya mkate, vimefungwa vizuri visimwagike, na kuvikusanya kwa unyoya na kijiko cha mbao. Unyoya mwachie baba yake. Mwanao mpe kijiko na mfuko wa karatasi. Chora ramani ya nyumba yenye alama kumi, kila kipande kikipatikana anaweka tiki. Mtoto wa usonji asipojua msako utaisha lini, anachoka vibaya. Kesho yake asubuhi mkate unachomwa, hapo si lazima awepo.

Kuhusu yale maswali manne mbele ya watu: wetu alirekodi sauti yake mchana kabla ya sikukuu kuanza, tukawachezea ndugu wote ilhali jua bado lipo. Usiku binamu yake akauliza.

---

Mgeni_Manchester

Sawa dada. Na usiku wa pili mnafanyaje? Hapa wanataka watoto wote wawepo tena, kuanzia mwanzo.

---

BintiTanga

Usiku wa pili wa kwangu anabeba mfuko wake, anabisha, anajibu, anakula wali na kuku, halafu anapanda kulala. Kadi zilizobaki anazitia kikapuni zote kwa mpigo. Mama mkwe ndiye aliyeweka utaratibu huo, na kwa kuwa ni yeye hakuna mjomba aliyefungua mdomo. Kwa hiyo anza na mkwe wako. Mpe kinu na mtoto, wakae jikoni wawili watwange, halafu ndiyo uombe ruhusa.

---

Jirani_wa_Mbale

Tupia picha ya huo mfuko basi.

---

BintiTanga

Picha kesho, umeshafungiwa na vyombo vya Pasaka juu ya kabati na ngazi anayo jirani.